Kiti Kimoja, Wakurugenzi Wawili

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimekuwa nusu mkurugenzi. Kiwanda cha mikate kizima, mkurugenzi nusu! Bodi imetaka tugawane kiti: mimi Jumatatu hadi Jumatano mchana, kisha Bibi Hapana hadi Ijumaa. (Jina nimempa mimi. Neno jingine halijui.) Mwisho wa mwezi wafanyakazi watapiga kura, ndipo bodi iamue: tuendelee wawili au kiti apewe mmoja. Mmoja! Namjua huyo mmoja. Namnyoa ndevu kila asubuhi.

Mke wangu kacheka hadi akakaa chini. Eti mtu aliyeshindwa kugawana rimoti atagawanaje ofisi. Wivu tu.

Jumanne, 11 Machi
Dawa nimeipata. Fundi wa tanuri kaja kuomba redio. Alhamisi Bibi Hapana alimkatalia: hatasikia kengele ya tanuri. Nikamwambia aweke, tena kubwa! Akaniita "baba yetu". Kumbe kura hupatikana kwa neno moja, na halilipiwi.

Mikate imeungua kidogo. Weusi nao ni rangi.

Jumatano, 12 Machi
Makabidhiano. Tunakaa pamoja tuelezane mambo ya juma. Nikasema hakuna jipya. Redio ikanguruma ukutani. Bibi Hapana akauliza kwa upole wake ule wa sindano, "Na hilo, ndugu yangu, ni la zamani?" Nikasema ni jaribio la kitaalamu. Akakishusha kiti. Kila Jumatano anakishusha, kila Jumatatu nakipandisha. Vita ni vita.

Jumatatu, 24 Machi
Foleni kutoka mlangoni hadi kwenye magunia ya unga! Wapakiaji wanataka kufanya kazi wameketi. Ndiyo. Mtunza stoo anataka kumwajiri shemeji yake. Ndiyo! Madereva niliwakubalia juma lililopita: waanze kazi jua likishapanda. Mikate ikafika madukani chai imeshanywewa. Wenye maduka walikuja juu, ila walikuja Alhamisi. Si siku yangu.

Ya juma lililopita Bibi Hapana kayafuta yote. Asante, dada! Unanipigia kampeni.

Ijumaa, 28 Machi
Kura. Nilivaa suti ya harusi yangu. Kifungo kikagoma kuonana na tundu lake.

Mwenyekiti wa bodi akatangaza. Karibu wote wanataka tuendelee wawili. Daima! Nikamwomba asome tena. Akasoma tena, kwa sauti zaidi.

Fundi wa tanuri akasimama kufafanua, hakuna aliyemtuma. Eti nyumba inataka baba wa kumdekea na mama wa kumwogopa. Eti maombi ya kipuuzi huja kwangu, ya maana huenda kwa mama. "Baba akibaki peke yake, kiwanda kitakufa. Mama akibaki peke yake, tutakufa sisi."

Makofi. Bibi Hapana ndiye aliyepiga mengi zaidi. Akaniambia pole, shujaa wangu. Shujaa wake!

Jumatatu, 31 Machi
Habari njema! Mwenyekiti kaupenda utaratibu huu hata naye anatafuta mtu wa kugawana naye uenyekiti. Nimejitolea kabla hajamaliza sentensi. Nusu mkurugenzi, nusu mwenyekiti: hapo si bosi kamili? Na nusu itakayombakia mwenyekiti nitainyakua upesi. Maskini mzee wa watu.

Mke wangu kauliza wajumbe wa bodi nitawapataje upande wangu. Maswali mengine bwana! Nitawakubalia kila watakachoomba.