Posa ya Shingo Upande

Jumatatu, 4 Agosti
Siku ya tano na baiskeli ya mbio niliyoachiwa na Davis, yule bwana wa halmashauri aliyehamishiwa Dodoma. Usukani umepinda chini kama pembe za beberu. Ukiushika, mgongo unalala, kichwa kinainuka kama kobe anayechungulia. Raha! Ila shingo inawaka moto. Fundi Nikodemu kaniambia niinue usukani, nilegeze viwiko, nishushe mabega yasigombane na masikio. Nikamjibu nilikuja kujaza upepo, sikuja kufundishwa kukaa. Haelewi. Jana nimepita sokoni Mwanga nimelala hivyo hivyo, na Nasma, mjane anayeuza mawese, kasema Mzee Swaibu kapita kama mshale. Mshale! Mimi namtaka, na mzee mwenzangu Hamdani naye anamtaka. Baiskeli yake ya wima, ina kikapu, anakaa kama yuko msalani. Hajawahi kuitwa hata manati.

Jumatano, 6 Agosti
Akili! Nimefunga kioo cha kunyolea kwenye usukani. Natazama chini, naona mbele, shingo inapumzika. Kumbe kioo kinaonyesha mbingu na matundu ya pua yangu. Nimepita katikati ya dagaa walioanikwa mchangani. Mwenyewe, mama mmoja mwenye sauti kama injini ya boti, kanifukuza hadi barabarani akiniuliza kama dagaa wake nimewaona ni lami. Paka watatu wamenisindikiza mpaka nyumbani.

Alhamisi, 7 Agosti
Dawa nyingine. Kilemba nimekizungusha kwenye paji la uso, ncha nikaifunga nyuma ya siti. Kilemba kinashika kichwa, shingo haina kazi. Safi kabisa, mpaka mteremkoni. Ng'ombe akakatiza, nikakamata breki. Mimi nikaenda mbele, kichwa kikabaki nyuma. Lo! Sasa kinatazama kushoto tu, hakitaki mazungumzo. Na kesho napeleka posa!

Ijumaa, 8 Agosti
Baada ya swala, nyumbani kwa Khamisi, kaka yake Nasma. Alishasema hataki washenga, anataka kunitazama usoni mwenyewe. Uso gani? Nilimsalimia yeye, macho yangu yakiwa kwenye mtungi. Nikasema namtaka Nasma kwa moyo wote. Nikaliambia dirisha. Na dirishani nani? Hamdani, kaja na mkungu wa ndizi kwa shida zake hizo hizo. Kapaza sauti: jamani, huyu mzee anaposa shingo upande! Nyumba nzima ikacheka. Khamisi hakucheka. Kasema dada yake hajakosa watu hata aolewe na mtu asiyetaka. Nasma katuma neno kutoka uani: nirudi Ijumaa ijayo na shingo inayogeuka, la sivyo atamsikiliza mwenye ndizi.

Jumapili, 10 Agosti
Nimesalimu amri. Nikodemu kainua usukani, kasogeza siti mbele. Kucheka, kacheka. Kasema niende taratibu, na kila nikipumzika nigeuze shingo kidogo kidogo. Nimepita sokoni wima kama mwalimu wa zamu. Aibu! Hamdani kanipungia mkono, eti karibu uzeeni, shehe.

Jumatano, 13 Agosti
Shingo imefika katikati, inakwenda na upande wa pili. Leo nimemwona mtu wa kulia kwangu kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita. Alikuwa Hamdani. Bora ingekawia.

Ijumaa, 15 Agosti
Nimemtazama Khamisi ana kwa ana mpaka akakohoa. Nasma kakubali! Kasema nikikaa wima naonekana mtu wa maana, tena kumbe sura ninayo, siku zote alikuwa anaona utosi tu. Hamdani kaenda kula ndizi zake. Ndoa Ijumaa ijayo.

Jumamosi, 16 Agosti
Asubuhi na mapema kwa Nikodemu. Nimemwambia arudishe usukani chini, tena azidishe vidole vitatu, Ujiji nzima ione bwana harusi anavyokimbia. Kaniuliza, na shingo je, mzee? Nikamjibu ile nyoofu ilikuwa ya kuposea. Posa imeshapokelewa.