Ombi la Kuzuia Sherehe ya Madaraka Kabla Sijapatana Kabisa na Mama Sadia

Bulla Pesa, Isiolo
22 Mei 2023

Kwa Msimamizi wa Wadi,

YAH: KUKATALIWA KWA KIBALI CHA KUFUNGA KICHOCHORO CHETU SIKU YA MADARAKA

Mheshimiwa,

Nisamehe harufu ya vitunguu kwenye karatasi hii. Ni sehemu ya malalamiko yenyewe.

Mimi ni mwenye duka dogo hapa. Kwa miaka sita nimeishi vizuri sana bila kuongea na jirani yangu Dokata, muuza maziwa ya ngamia, ambaye sote twamwita Mama Sadia. Ugomvi ulianza beberu wake alipokula kofia yangu ya kanisani niliyokuwa nimeianika. Nilidai msamaha. Yeye akasema mimi ndiye nimuombe beberu msamaha, kwa kuwa aliharisha siku tatu. Ulikuwa ugomvi safi, wa kimya, na haukumsumbua mtu. Sasa kichochoro kimeamua kusherehekea pamoja, na haya ndiyo yaliyonipata:

1. Mwenyekiti wetu, Mzee Ibrae, alituweka kamati moja ya mapishi. Nilimwambia siwezi kukaa na huyo mama. Akasema, "Basi pikeni mkiwa mmesimama." Akaandika kwenye daftari.

2. Siku ya kujaribu mapishi, Mama Sadia alionja mukimo wangu, ule wa viazi na mahindi vilivyopondwa, akaniambia, "Mama Wanja, chumvi." Alisema kweli. Mume wangu Macharia amekula mukimo huo miaka ishirini na saba bila kutoa neno. Nilipomuuliza, alisema alidhani ndivyo ninavyoupenda. Kwa hivyo nimepata jirani na nusura nipoteze mume.

3. Macharia, kwa kutafuta kusamehewa, aling'oa mabati mawili ya ua unaotutenganisha na Mama Sadia ili sufuria kubwa ipite. Sufuria ilipita mara moja. Watu bado wanapita. Sadia, aliye darasa la nane, sasa anafanyia kazi ya shule kwenye meza yangu. Tangu binti yangu Wanja aende kufanya kazi Mombasa, meza hiyo ilikuwa imezoea kimya. Mimi pia.

4. Hili ndilo kubwa. Jumanne iliyopita presha ilinipanda nikaanguka dukani. Macharia alikuwa amepeleka mizigo Merti, nami nilitarajia kuugua peke yangu, kwa heshima. Mama Sadia aliacha mitungi yake juani, akanifungia duka, akanipeleka zahanati na kukaa nami hadi jioni. Nilimwambia aende akauze maziwa kabla hayajaharibika. Akasema, "Nyamaza, Mama Wanja. Ukienda wewe, mimi nitagombana na nani?" Mheshimiwa, nililia mbele ya nesi.

5. Kwenye maombi ya kila Jumatano, kwa miaka sita nimeomba nipewe subira juu ya mama huyu. Wiki iliyopita pasta aliniuliza ombi langu, nami sikuwa nalo tena. Ikiwa sherehe ambayo haijafanyika imetufanyia hivi sisi wawili, itawafanyia nini watu wa nyumba arobaini? Leo ni Bulla Pesa, kesho watu watakuwa wanapatana hadi Kulamawe. Kisha kaunti itamwita nani kwenye semina za amani?

Kwa hayo yote, naomba kibali kikataliwe. Ikishindikana, nihamishiwe kamati ya viti. Huko kuna watu wawili ambao bado hatusalimiani, na ningependa wabaki hivyo.

Nisalimie wote ofisini, askari wa langoni, na mama anayewapikia chai.

Mimi niliyesumbuliwa na amani,

Warigia wa Macharia (Mama Wanja)

Nyongeza: Mama Sadia ameisoma barua hii tukichambua mchele. Hana pingamizi, ila amegundua kwamba kwenye fomu ya kibali, ambayo tumeiambatanisha na kuitia sahihi sote wawili, niliandika siku moja. Tumefuta. Tafadhali tupe siku mbili. Anayekuletea ni yeye mwenyewe. Mpe kiti, ametembea.