Ombi la Kufupisha Hotuba ya Ijumaa kwa Ajili ya Paka Watatu

Bujumbura, Alhamisi

Kwa Shehe Azzan na ndugu zangu wa kamati ya msikiti,

Assalaam aleikum. Mimi Tamim muuza vitenge, yule mnene wa safu ya nne mnayemgusa bega akianza kukoroma, naomba kwa heshima zote hotuba ya Ijumaa ifupishwe. Sababu zangu ni hizi:

1. Paka wa dukani aligongwa na gari, akaacha watoto watatu ndani ya kartoni ya vitenge, hata macho hawajafungua. Niliwapeleka nyumbani nikidhani mke wangu Nura atajua la kufanya. Alichungulia, akasema, "Apana, Tamim. We njo mama yao sasa."

2. Mama huyu ana ndevu. Ananyonyesha maziwa ya mbuzi kwa bomba la sindano, kila baada ya saa mbili tatu. Mteja wangu Irène, anayeuza vitenge Gatumba, ameniuliza mbele ya watu, "Papa Tamim, munauza ao munanyonyesha?" Nilikuwa nafanya yote mawili, na yote vibaya.

3. Hawakojoi mpaka wapanguswe na pamba yenye maji ya vuguvugu. Mama yao angetumia ulimi. Namshukuru Mungu kwa pamba. Lakini kanzu safi zimekwisha, ndiyo maana mnaniona msikitini na suti ya harusi.

4. Ijumaa iliyopita Shehe alifika kwa Nabii Nuhu, akawataja wanyama wa safina mmoja mmoja. Niliporudi nyumbani, mdogo wao, Kidole, alikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nilimweka kwapani hadi alasiri ndipo akatikisa mguu. Hapo sitanii, ndugu zangu. Akikosa mlo tena, simpati.

5. Hotuba isipofupika, yawepo mapumziko ya kunyonyesha. Yakishindikana, kamati imteue mmoja wenu akae na Kidole, naye aje na pamba yake.

Nisalimieni wa nyumbani wote, na muadhini, ambaye wanangu humwitikia kabla yangu.

Wenu wa safu ya nne,
Tamim

N.B. Ijumaa, baada ya sala. Leo nilikaa barazani mwa msikiti na Kidole ndani ya kartoni, barua hii mfukoni. Nilimnyonyesha, bado akalia mpaka Shehe aliposhika kipaza sauti. Punde akalala fofofo, nami nikamfuata. Iqama ya kuanza sala ndiyo iliyotuamsha. Nyumbani hajawahi kulala hivyo. Kwa hiyo naifuta barua yote. Hotuba isipunguzwe hata neno, na kama Shehe anayo ile ya Nabii Nuhu kwenye simu, naomba anitumie.