Nahodha Aliyeniliza Siku ya Posa

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele ya watu wazima. (Si nguo hasa. Heshima. Nguo nilikuwa nazo, tena suti ya harusi yangu, kifungo kimoja kimegoma kufunga.)

Kwa msionijua: mimi ni fundi wa kuchomea mageti, Kiseke, hapa Mwanza. Mrefu, ndevu nyingi, sauti nzito. Watoto wa mtaani wakiniona wanaacha kugombana. Ndiyo maana mdogo wangu Bahati alipopata mchumba Sengerema, ukoo ukaamua mshenga niwe mimi. "Una sura ya kuaminika," wakasema. Sura!

Chanzo cha yote ni Sospeta. Huyu ni fundi simu, fremu yake imepakana na ya kwangu, na ni mgonjwa wa tamthilia moja ya kizungu ya anga za juu. Watu wanabeba barua kutoka sayari moja kuzipeleka nyingine, basi. Kijiweni tunaiita Posta ya Nyota. Ilianza kuonyeshwa kabla mama yangu hajaolewa na hadi leo inaendelea! Manahodha wanabadilika, barua haziishi.

Wiki tatu zilizopita nikamuuliza, "Mtu akitaka kuianza, aanzie wapi?"

Swali hilo usimuulize Sospeta kama una kazi ya kumaliza.

"Wapo wanaoanza na hizi za juzijuzi," akasema, akaweka bisibisi chini. "Picha inang'aa, vyombo vinaruka kweli. Mimi nakushauri anza na nahodha wa pili, pale rangi zilipoingia. Za nyuma ya hapo ziache. Miaka ile ya mwanzo utalala."

"Kwani mimi geti naanza kulichomea juu? Nipe za mwanzo."

"Utajuta."

"Nipe."

Akanitazama kama daktari aliyekataliwa dawa yake, akanijazia memori kadi.

Na kweli, za mwanzo ni vichekesho. Nyeusi na nyeupe. Chombo cha angani ni kama sufuria mbili zilizofunikana, na uzi unaokining'iniza unauona kabisa. Mlango ukifungwa, ukuta unatikisika. Jiwe likimwangukia mtu, linadunda. Mimi kama fundi nilikuwa naangalia viungo vibovu tu. Wiki ya kwanza nilicheka. Wiki ya pili nikaacha kucheka. Wiki ya tatu nikamfokea mteja aliyekuja kuchukua dirisha lake wakati mzee amezingirwa na maharamia.

Huyo mzee ndiye nahodha wa kwanza. Mfupi, mkali, anagombeza kila mtu. Lakini barua ya mtu haipotezi. Hata ya mtoto. Hata ya adui yake.

Tuje leo asubuhi. Barua ya posa iko kwenye bahasha, bahasha imefungwa kwenye leso nyeupe mpya, kama mke wangu alivyonielekeza. Nikapanda kivuko cha kwenda ng'ambo. Ziwa limetulia, nimepata kiti kivulini. Nikajiambia: kipande kimoja tu, nitulize moyo kabla ya kukutana na wakwe. Nikaweka hedifoni.

Ndugu zangu, Sospeta hakuniambia kwamba yule mzee anakufa.

Chombo kimetoboka. Hewa iliyobaki ni ya watu wanne na wao ni watano. Mzee anawadanganya vijana wake kwamba anakwenda nyuma kufuata mfuko wa barua, halafu anafunga mlango kwa upande wa pili. Ukuta ukatikisika kama kawaida! Uzi nikauona! Na bado machozi yakanitoka.

Siyo yale machozi ya kiume, tone moja unalisingizia jua. Nililia kwa mabega. Nikapapasa mfukoni, nikapata kitambaa, nikajifuta, nikapenga na kamasi. (Ndiyo. Ile leso. Niacheni.)

Nikaguswa bega. Alikuwa mama mmoja wa makamo, kitenge cha kijani, kapu mapajani. Nikatoa hedifoni sikio moja.

"Pole, baba. Kuna nini?"

Ningesema vumbi. Lakini katikati ya ziwa, vumbi la wapi? Katikati ya kwikwi yakapenya maneno mawili tu.

"Nahodha kafa."

Mama akaweka mkono mdomoni. Aliyekaa nyuma yetu akasikia. Na wa nyuma yake.

"Nahodha kafa?!"

"Wa kivuko hiki?"

"Sasa nani anaendesha?!"

Bwana mmoja akavaa maboya mawili. Mwingine akaanza kutubu kwa sauti, akataja na mambo ambayo mkewe, aliyekaa pembeni yake, hakuwa anayajua. Mfanyakazi wa kivuko akaja mbio.

"Nahodha yupo juu, mzima, anakula chapati! Nani anatangaza kafa?"

Vidole vyote vikanielekea mimi.

Hapo ndipo ningesema ukweli. Samahani jamani, ni sinema. Maneno manne! Lakini mtu mzima, suti, ndevu, kivuko kizima kinakutazama. Nikasema:

"Si huyu. Ni... baba yangu mdogo. Naye alikuwa nahodha."

(Baba yangu mdogo ni mwalimu mstaafu, yuko Bunda, anafuga kuku. Maji anaogopa hata ya kuoga.)

Kivuko kikalainika. Mama wa kitenge akanishika mkono.

"Amekufaje, baba?"

"Chombo kilitoboka. Akabaki nyuma ili vijana wake waokoke."

"Yesu wangu! Shujaa! Na mazishi lini?"

"Hakuna mazishi, mama. Mwili haukupatikana. Yuko mbali sana."

"Mbali wapi?"

Nikaangalia juu. Mama naye akaangalia juu.

"Amina," akasema.

Mnaona lakini? Uongo wangu ulikuwa mmoja tu. Mengine yote nilijibu ukweli mtupu!

Wakaniimbia pambio. Kivuko chote. Ubeti wa pili na mimi nikaingia, besi. Tulipofika ng'ambo nikashuka wa kwanza, nikachukua bodaboda, nikamshukuru Mungu kwamba wale watu sitaonana nao tena maishani.

Sengerema nikapokelewa vizuri. Shikamoo zikapita, marahaba zikapita, soda ikaja. Msemaji wa nyumba ni baba mkubwa wa binti, Mzee Maganga, mtu wa maneno machache na kofia ya pama. Pembeni kwenye mkeka amekaa bibi wa binti, mkongwe, fimbo mapajani.

"Tumsubiri shangazi wa binti," Mzee Maganga akasema. "Anatoka Mwanza leo hii. Akifika tunaanza."

"Hakuna haraka, mzee," nikajibu kwa ile sauti yangu ya kuaminika.

"Hodi!"

Kitenge cha kijani. Kapu.

"Jamani! Kumbe baba wa msiba ndiye mgeni wetu!"

Nilitaka sofa inimeze. Shangazi akakaa, akasimulia yote. Alisimulia vizuri kuliko mimi. Kwake yeye vijana waliookolewa wakawa kumi na wawili, na kuna mmoja alikuwa yatima. Bibi akashika tama. Mzee Maganga akavua kofia.

"Mgeni," akasema polepole, "pole sana. Lakini sisi hatupokei posa kutoka nyumba yenye msiba. Kaomboleze kwanza. Mwakani, Mungu akipenda, tutaonana."

Mwakani! Bahati amemsubiri huyu binti hadi amalize chuo. Tangu asubuhi amenipigia mara nne. Nikirudi na "mwakani" yule mtoto ataugua.

"Mzee, naomba mpokee barua tu," nikasema. "Hata marehemu angependa hivyo."

(Marehemu angependa! Kweli ulimi hauna mfupa.)

Nikaitoa barua. Leso ikatoka nayo, imelowa, imekunjamana, na mengine sisemi. Bibi alikuwa amenyoosha mkono kupokea. Akaurudisha.

"Masikini," akanong'ona. "Kalia hadi posa imelowa."

Mzee Maganga akaishika kwa ncha za vidole, akaisoma, akafika mwisho, akarudia mwisho.

"Msimamizi wa familia aliyesaini hapa ni baba yenu mdogo. Mnao baba wadogo wangapi?"

"Mmoja," nikasema. (Mjinga mimi! Hata wa pili nilishindwa kumzua!)

"Na hapa amesaini jana."

"...Ndiyo, mzee."

"Namba yake hii hapa. Ngoja nimpe pole aliyebaki na simu."

Akapiga. Akaweka spika. Nikaomba mtandao ukatike. Siku zote unakatika, kwa nini siyo leo?

"Haloo!" Sauti ya baba mdogo, na kuku nyuma yake.

Shangazi akapiga ukelele, kapu likamwagika, vitunguu vikakimbilia chini ya sofa.

"Ninaitwa Maganga, wa Sengerema. Nazungumza na nani?"

"Aaa, mkwe! Mimi ndiye baba mdogo wa Bahati! Vipi, mshenga wetu amefika?"

Mzee Maganga akanitazama kuanzia ndevu hadi viatu.

"Amefika. Ametuletea taarifa za kifo chako."

Kuku wakasikika vizuri sana.

"Kifo changu? Nimekufa na nini?"

"Chombo kilitoboka, baba," shangazi akamjibu kwa heshima zote.

Nikapiga magoti. Na suti. Kifungo cha pili nacho kikaruka.

"Wazee wangu, nisameheni. Hakuna aliyekufa. Nilikuwa nalilia sinema."

"Sinema ya nini?" Mzee Maganga akauliza.

"Ya watu wanaopeleka barua angani."

"Mpya?"

"Hapana, mzee. Ya zamani sana, haina hata rangi. Hata yule mzee aliyeigiza nahodha ameshafariki siku nyingi."

"Basi msiba upo," bibi akasema.

Nikainua macho. Mzee Maganga alikuwa anatetemeka kuanzia mabega. Nikajua hapa nakula kofi. Kumbe anacheka! Alicheka hadi akakohoa, shangazi akamgonga mgongo huku naye anafuta machozi yake ya pili kwa siku. Baba mdogo, kwenye spika, alikuwa bado anauliza kama amekufa au hajafa.

Bibi akagonga fimbo sakafuni.

"Posa tunaipokea. Ukoo unaomlilia mtu usiomjua hautamtesa mjukuu wangu."

"Asante, bibi! Asante sana!"

"Kaa chini. Hutoki hapa mpaka utuambie huyo mzee alifikaje kwenye hicho chombo."

Nikaangalia saa. Nikafikiria kivuko cha kurudi. Nikajaribu ujanja.

"Bibi, wataalamu wanashauri mtu aanzie kwa nahodha wa pili. Ile miaka ya mwanzo ni mirefu, inachosha..."

"Nani kakwambia nina haraka? Mtu kafa, wewe unataka kuanzia kwa aliyerithi kiti chake? Anza mwanzo, mwanangu, ng'wanawane."

Nikaanza mwanzo. Nilipoeleza kuhusu sufuria na uzi, Mzee Maganga akacheka tena. Bibi akakunja uso.

"Uzi usituambie."

Nikauacha uzi. Samaki sato akaletwa na ugali, nikala huku nasimulia. Kila nikitaka kuruka miaka miwili mitatu, bibi ananishika: na yule mtoto aliyeandika barua kwa baba yake, alijibiwa? Ikabidi nirudi. Baba mdogo alikataa simu ikatwe. "Rudia hapo kwenye maharamia," akaomba, "kuku walipiga kelele." Binti mwenyewe, mwenye posa yake, alichungulia mara mbili kuuliza kama wamekubali. Akaambiwa anyamaze, chombo kinatoboka.

Nilipofika kwenye mlango, nahodha anaufunga kwa upande wa pili, machozi yakanitoka tena. Shangazi akalia, na yeye mwisho alikuwa anaujua! Mzee Maganga akasimama ghafla, akasema anakwenda kuangalia mbuzi. Nimeuliza baadaye. Hawafugi mbuzi.

Bibi peke yake hakulia. Alizungusha fimbo yake kidogo.

"Na mfuko wa barua?" akauliza. "Aliupeleka nani?"

Nikakiri kwamba sijui. Nimeishia hapo. Bibi amesema nikishajua nisimpigie simu, niende mwenyewe nikamwambie.

Nikiwa njiani kurudi, Bahati akapiga.

"Kaka, vipi?"

"Wamekubali."

"Mungu mkubwa! Wamesema nini kuhusu mimi?"

Nikafikiri. Kwa saa zote zile hakuna aliyemtaja, hata mara moja.

"Wamekusifu sana," nikamwambia.

Basi ndugu zangu, msinicheke, na mnaouliza hii tamthilia ianziwe wapi, mimi nawaambia ianzieni popote, yenye rangi au isiyo na rangi, ila muwe nyumbani kwenu na mlango umefungwa.