Kasi ya Betri

Kwa furaha kubwa Idara ya Vibali iliwatangazia wananchi kwamba tangu siku ile, umeme ukikatika, watumishi wote watafanya kazi polepole. Mkurugenzi aliliamua jambo hilo mwenyewe, wala hakuona haya.

Wazo alilipata kwa fundi wa kompyuta. Alikuwa amelalamika kwamba laptopu yake hujikokota kila ikichomolewa ukutani, fundi akamweleza kuwa ikibaki na betri tu, prosesa hupunguza kasi ili chaji idumu. Alitaka pia kumwonyesha mahali pa kubadili mpangilio huo, lakini Mkurugenzi alikuwa keshaitisha kikao. Ikiwa mashine ya bei mbaya ina busara hiyo, aliuliza, mtumishi ni nani hata ajimalize?

Ndivyo ulivyozaliwa Mkakati wa Uhifadhi wa Nguvukazi. Umeme ukikatika, karani aliandika neno, akapumua, akaandika jingine. Kwa kuwa kioo cha laptopu nacho hufifia, watumishi waliagizwa wafumbe jicho moja. Hata karani wa mihuri, mama mtu mzima ambaye mhuri wake haujapata kuchomekwa ukutani, alipelekwa semina. Watu walisota kwenye benchi. Mkurugenzi aliwachungulia kutoka ghorofani na kuona wananchi waliotulia. Yeye ofisi yake ilikuwa na jenereta.

Sifa zikavuka mipaka. Alialikwa ng'ambo kuhutubia mkutano juu ya mkakati wake, na maishani hakuwahi kutamani kitu kama alivyolitamani jukwaa lile. Suti ikashonwa, mashemeji wakaambiwa. Siku ya safari alishuka mbio kugongesha mhuri kibali chake cha kutoka nchini, akakuta chini hakuna umeme tangu asubuhi.

Karani wa mihuri alifumba jicho moja. Akainua mhuri hadi usawa wa bega, akapumzika.

"Mama, ndege inaniacha," alisema Mkurugenzi, jasho likimtoka.

"Najua, baba. Ila niko kwenye betri."

"Basi mkakati nimeufuta. Gonga."

"Kufuta nako kunataka mhuri, mzee. Halafu mbele yako yupo yule dada, anasubiri kibali cha kumpeleka mtoto hospitali."

Akafumbua jicho, akamgongea dada kibali chake mara moja, kisha akalifumba tena.

Mkurugenzi akaketi kwenye benchi na suti yake mpya. Kabla mhuri haujashuka, ndege ilipita juu ya paa, kwa kasi yake yote.