Ndani ya Kitunguu

Jumatatu, 3 Machi
Miaka mitatu na ushee tangu niondoke nyumbani. Tunapaka rangi chuo, Idara ya Kiingereza. Leo nimebandua tangazo ukutani, nikalisoma. Nafasi ya uandishi wa kubuni kwa wanafunzi wa uzamili. Mshindi atakaa kwenye nyumba tulivu, chakula bure, na kitabu chake kitachapwa. Uzamili! Nilivuka mpaka nimelala chini ya magunia ya vitunguu. Nani kazamia kunishinda? Nikampigia mama watoto. Amechoka kuningoja, kila mtu anamuuliza kama bado ana mume. Nikamwambia nimeingia uzamili, nitarudi nikiwa mwandishi. Akauliza kama hiyo ni kazi ya kukaa au ya kusimama.

Jumanne, 4 Machi
Nimeandika habari za safari yangu. Kiingereza changu ni cha kuomba kazi na kukana makosa, kwa hiyo imetoka fupi. Nimempa Sentimita aikague. Huyu ni fundi vigae tunayelala naye chumba kimoja; alifika kidato cha pili na hachoki kutukumbusha. Akasema nimeandika kwamba nilisafiri ndani ya kitunguu, magunia hayamo. Wivu! Nimeacha vilevile. Nikamuuliza kama mtu kama mimi anafaa kuitwa wa uzamili. Akacheka mpaka akakaa chini, akasema nani zaidi yako, nenda tu kaka.

Alhamisi, 6 Machi
Siku ya waombaji wa nafasi kusoma kazi zao mbele ya watu. Nimevaa shati la Sentimita, bila yeye kujua. Rangi nyeupe bado iko sikioni. Nikasoma. Kijana mwenye miwani akasema kitunguu ni nafsi na maganda ni mipaka. Mwenzake akabisha, kitunguu ni mama. Nikawakubalia wote wawili. Nikaanza kuiona ile nyumba tulivu. Ndipo profesa, mama mpole, akaniuliza shahada yangu ya kwanza niliipata wapi.

Nikasema madrasa, kwa marehemu babu, kabla sijang'oka meno ya utoto.

Wakacheka, wakidhani natania. Profesa hakucheka. Akanieleza taratibu, kama anayemvisha mtoto viatu, kwamba uzamili ni masomo ya baada ya digrii. Kuzamia hakumo. Kicheko kikakatika, na hapo ndipo aibu ilipoanza: walinihurumia. Nikatoka kinyumenyume, nikaegemea mlango nilioupaka mwenyewe asubuhi. Shati la Sentimita!

Ijumaa, 7 Machi
Mama watoto ameshatangaza kila mahali. Baba mkwe, ambaye hajawahi kulitaja jina langu bila kukohoa, ameagiza nisalimiwe kwa jina la mwandishi. Natamani ardhi inimeze. Nikamwambia mke wangu ukweli wote, hata habari ya mlango. Nikangoja matusi.

"Baba watoto," akasema, "mimi sikuolewa na kitabu. Rudi hivyohivyo ulivyo. Jumapili nikikuona mlangoni, yameisha. Nisipokuona, nachukua wanangu narudi kwetu."

Nimelia nyuma ya ndoo za rangi. Nimeapa. Kesho napanda basi. Sentimita amenisamehe shati, akanifungia begi kwa mikono yake, akasema mwanamke huyo simstahili. Kweli kabisa.

Jumamosi, 8 Machi
Begi limeshapakiwa kwenye basi. Nikapitia chuoni mara moja, Sentimita akinisindikiza, kuchukua brashi zangu tu. Tangazo jipya! Nafasi kama ile, safari hii kwa wanafunzi wa uzamivu. Sentimita akanishika mkono, akanisihi nisisome, basi linaondoka. Lakini uzamivu! Hii lazima iwe kuzama mpaka chini kabisa, na habari ya shahada haijatajwa popote. Nimelisoma mara mbili kuhakikisha. Basi limeondoka na begi langu.

Nimempigia mama watoto, nimemweleza kwa furaha. Hakunitukana hata kidogo. Nilimsikia akimwambia mtoto alete lile sanduku kubwa, kisha simu ikakatika. Nadhani anataka kunipangia nguo zangu mapema, maana nitarudi nafasi hiyo ikiisha, mwezi wa kumi na mbili.