Sahani Nane za Shangazi Nyanjige

Jumatatu, 14 Julai

Nimedanganya tena. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, ila umeshaota miguu.

Alikuja Specioza kutoa kopi ya cheti. Specioza muuguzi, ambaye bila yeye sioni sababu ya kufungua hii steshenari yangu ya Somanda, Bariadi, kila asubuhi. Akasimulia tamthilia ya Kikorea anayoifuatilia. Akasema anatamani siku moja akae mezani ale chakula chao. Nikausikia mdomo wangu ukisema kwamba chakula cha Kikorea nakijua nje ndani, niliishi na Wakorea.

Ukweli: niliwashikia nguzo ya kupimia wapimaji wa barabara wa Kikorea wiki mbili, huko njia ya Lamadi. Wao walikula ndani ya hema. Mimi nilikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, juani.

Nikamwalika Jumamosi. Mwanza, kwenye ule mgahawa mpya wa Kikorea, wa kisasa, wa ghorofani. Akakubali! Kisha akaongeza kwamba atakuja na shangazi yake, Nyanjige wa Nyalikungu, maana kwao bila neno la shangazi hakuna posa.

Shangazi huyo namjua kwa sifa. Mchumba wa kwanza wa Specioza alipikiwa kuku na ugali na shangazi huyo huyo. Akasema nimeshiba, ahsante. Shangazi akawatangazia ukoo mzima kwamba anayekiogopa chakula chako ameshakuita mchawi. Posa ikafia pale pale mkekani.

Jumanne, 15 Julai

Nimechapisha kurasa kumi na moja kutoka mtandaoni: nini cha kuagiza kwenye mgahawa wa Kikorea wa hali ya juu. Nimezisoma mara tatu. Mpango umekamilika.

Tutaanza na vile vitumbua vyao vya nyama vya mvuke. Halafu chapati ya majani ya vitunguu. Kimchi, yaani kabichi iliyochachishwa kwa pilipili, itakaa pembeni muda wote. Kisha mbavu za ng'ombe, kwa ajili ya shangazi, ambaye ng'ombe ndiyo lugha yake. Mwisho tambi za baridi. Tambi za baridi ndizo zitamaliza kazi. Nani hapa Bariadi amewahi kuagiza chakula kilichopoa kwa makusudi?

Ukurasa wa tisa ni wa adabu. Unasema mkubwa wa meza ndiye huanza kula. Nimeuruka. Hiyo ni ya kwetu, hata mtoto anayechunga mbuzi anaijua.

Vijiti vyao ni vya chuma. Nimekata spoku mbili za baiskeli, nafanya zoezi kwa choroko. Saa nzima, choroko nne. Ya tano iliruka ikaingia kwenye mashine ya kopi. Sasa mashine inakohoa na kila cheti kinatoka na mstari mweusi.

Alhamisi, 17 Julai

Tatizo la usafiri. Shangazi akipanda basi anatapika. Mwenye gari ninayemjua ni mmoja tu, Danford wa duka la dawa za mifugo. Danford naye anamtaka Specioza. Somanda nzima inajua.

Nimetumia akili. Nimemwambia tunampeleka shangazi Mwanza kupimwa macho. Danford akasikitika kweli kweli. Akasema atatupeleka mwenyewe, mafuta yake, mgonjwa hawezi kuteseka. Nilimchukia kwa wema ule. Atabaki garini.

Choroko kumi na moja leo. Vidole vimevimba.

Jumapili, 20 Julai

Jana sikuweza kushika kalamu. Leo naishika ili iandikwe mahali kwamba nimekwisha.

Asubuhi ilikuwa njema. Nilimwamkia shangazi kwa Kisukuma, "Mwangaluka," magoti nimeyakunja kidogo, akaitikia vizuri. Njiani Danford alimwuliza kama jua linamsumbua, akamshushia kile kibao cha mbele. Shangazi akamshangaa lakini akashukuru. Tulipofika nikamwambia Danford daktari wa macho yuko ghorofa ya juu.

Tukakaa. Nikavuta pumzi, nikakohoa kidogo, nikamwambia mhudumu tutaanza na vitumbua vya mvuke. Akatabasamu kwa huruma. Akasema hapa mgeni haagizi, mpishi ndiye huamua. Sahani nane, moja baada ya nyingine. Anachouliza ni kama kuna kitu tusichokula.

Kurasa kumi na moja! Wiki nzima! Specioza akanitazama, akasubiri mjuzi aseme. Nikajibu kwamba tunakula vyote.

Ikaja sahani ya kwanza. Sinia kubwa tupu, katikati kijiko kimoja cha nyama mbichi ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba, juu yake kiini cha yai. Shangazi alikuwa bado anajifuta mikono kwa kile kitambaa cha moto. Mimi nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: vijiti. Kimebaki hicho. Nikionyesha vijiti nimeokoka.

Nikavishika. Havikutetemeka. Nikainyanyua nyama, haikudondoka, nikaitia mdomoni mbele ya watu wote. Nilifurahi. Nikainua macho ili nisifiwe.

Shangazi alikuwa amekiweka kitambaa chini na mikono ameirudisha mapajani. Specioza amefumba macho. Mhudumu naye, msichana wa watu, anatazama sakafu, kwa sababu hata Wakorea wamemfundisha.

Ukurasa wa tisa.

Nyama mbichi haimezeki kwa haraka. Niliitafuna hadi nikatamani kufa. Nikamkaribisha shangazi. Akasema amekaribia. Hakugusa. Sahani saba zilizofuata zilikuja mbele yake na zikarudi jikoni jinsi zilivyokuja. Mbavu za ng'ombe zilikuwa ya sita. Ya saba ilikuwa tambi za baridi, na sikuthubutu hata kuzitaja jina.

Chini, Danford alifungua mlango wa gari, akamwuliza shangazi kwa upole daktari amesemaje. Shangazi akanigeukia mimi.

"Macho yangu," akasema, "yanaona vizuri sana."

Hapo kila kitu kikaanguka. Danford hakucheka, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Aliuliza tu kama mama amekula. Akatupeleka kwenye kibanda cha samaki. Sato mzima akawekwa mezani na ugali. Danford akanawa, akakaa, akasubiri. Shangazi akamega tonge la kwanza. Alikula hadi kichwa.

Jumanne, 22 Julai

Specioza hajibu ujumbe. Sikufungua duka. Nililala nikitazama dari na kuona sahani nane. Watu wamegonga wakitaka kopi, nimewaacha wagonge. Nitazeeka peke yangu na mashine inayokohoa. Mchana nimekula michembe, peke yangu, nikianza mimi.

Alhamisi, 24 Julai

Mungu yupo! Specioza amekuja dukani. Hakukaa, lakini amekuja.

Amesema amemlilia shangazi siku tatu. Shangazi amefikiri, ametoa neno: "Anayemtangulia mkubwa mezani si mtu mbaya, ni mtu mwenye njaa. Aje kwangu Jumapili. Ale ashibe, nimwone anavyokula." Atapika kuku na ugali. Specioza akaniambia nisije na maarifa yoyote, nije na tumbo tu. Halafu akacheka kidogo, na nikajua bado ananitaka.

Alipoondoka nikachukua karatasi. Lazima niwe na mpango.

Kosa langu nalijua: niliwahi. Mwanaume mzima nikaonekana mroho. Basi Jumapili sitawahi. Nitakula kwangu kabla ya kutoka, nishibe hasa, ili harufu ya kuku isinishinde. Shangazi atapakua, atanikaribisha, na mimi sitagusa hata tonge. Akinisihi mara tatu, nitakataa mara nne. Ale yeye, amalize, aone mtu anayejua heshima. Danford hana subira ya namna hiyo.

Nimeshafanya zoezi mbele ya kioo. Mkono kifuani, kichwa nimekiinamisha, sauti ya chini: nimeshiba, ahsante.